ZAMU YA USIKU: WALINZI WA PARKI WANAGAWA NAMNA GANI KAZI NA USINGIZI?



Tangu mwanzo wa muhula huu munaona kwenye mlango wa intenati ya wavulana karatasi yenye majina sita na mistari mingi. Wengi walituuliza: "Makapita, hii oreri mulitoa wapi?" Wengine walicheka, walisema inafanana na karatasi ya loto. Tuliahidi kueleza katika gazeti letu, na ahadi ni deni. Oreri hii tuliitoa kwa walinzi wa parki, wale wanaolinda nyama na pori. Lakini kwanza lazima tuseme sababu gani tuliitafuta, hata ikiwa inatupatia haya.

Muhula uliopita, usiku wa siku ya ine, mvua ilikuwa inanyesha. Mtoto mmoja wa darasa la saba alishikwa na homa kali. Rafiki yake akatoka kutafuta kapita. Mlango wa kwanza, kapita aliamka nusu, akajibu: "Nenda kwa mwingine, mimi nililala zamu jana." Mlango wa pili, hapakuwa mtu, sababu mwenyewe alikuwa darasani na torshi, anajitayarisha kwa egzamen ya Leta. Mlango wa tatu, kapita alisikia kugonga kabisa, lakini alidhani wa kwanza ameisha kuamka. Mtoto yule alirudi akaketi karibu na mwenzake mpaka kengele ya asubuhi. Saa hiyo mgonjwa alikuwa hajibu tena akiitwa jina. Alibebwa kwa moto mpaka kwa waganga, akatiwa serumu, na kisha siku 9 alirudi kwetu mzima. Tunashukuru Mungu. Lakini wale makapita watatu ni sisi, tunaoandika hapa.

Kwenye oreri ya zamani, mstari wa mwisho ulisema: "Usiku, makapita wote wako tayari." Tuliuandika sisi wenyewe, na tuliuona mzuri.

Sasa, mmoja wetu ana mjomba ambaye ni mlinzi wa parki. Alikuja konje hapa Mikelenge, tukaenda kumsalimu siku ya Mungu kisha ibada. Tulifikiri atatusimulia habari za tembo na okapi. Tulimkuta amelala. Mama wa nyumba akatuambia: "Mumuache mjomba wenu, watoto, hii ni siku ya pili anafanya kulala tu." Tulirudi siku ya posho iliyofuata, akatupokea vizuri, akasikiliza habari yetu ya usiku ule bila kutukatiza. Kisha akasema: "Watoto wangu, sisi kule pori hatusemi wote. Tunasema jina." Mambo mengi yanayofuata yametoka katika maneno hayo machache, na mengine tuliyatafuta katika vitabu na kwa kuuliza.

Kwanza, walinzi hao ni nani? Ni watumishi wa ICCN, ile Institut Congolais pour la Conservation de la Nature. Parki ya kwanza ya inchi yetu ilianzishwa mwaka 1925, ikaitwa Albert, nayo leo ni Virunga. Sisi watu wa Maniema tuko na sehemu ya Parki ya Maiko, iliyoanzishwa mwaka 1970, na sehemu ya Parki ya Lomami, ambayo ilitangazwa tarehe 7 mwezi wa 7 mwaka 2016. Lomami inashika kilometa za mraba 8,879 katika Maniema na Tshopo. Katika pori hilo kunaishi kima anayeitwa lesula. Wataalamu wa dunia walimtambulisha kwa maandishi mwaka 2012 tu, lakini watu wa kule walimjua tangu zamani. Na tusikilize vizuri: wataalamu walimwona kwanza mwaka 2007 kule Opala, amefungwa kwa nyumba ya direkta wa shule ya msingi! Basi walimu wetu wasituambie tena kama shule haina mambo mapya.

Mwaka 2015 Serikali iliunda kwa dekre kikosi maalum cha kulinda maparki, maana kazi hii si ya kuhesabu ndege tu. Wale wanaoingia kuua nyama wako na bunduki, na katika mashariki kuna vikundi vya silaha. Na ninyi munajua kama Kindu inapenda nyama ya pori. Kila mtu anaona kinga zikifika kutoka upande wa magharibi na vifurushi vya nyama iliyokaushwa kwa moshi.

Kazi ya mlinzi ina sura tatu, na kosa letu lilitokana na kuchanganya hizo tatu.

Ya kwanza ni zamu ya posti: mtu anasimama macho wazi, analinda kambi, silaha, foni na njia. Ya pili ni patruyi: kikundi kinaingia pori siku nyingi, kinabeba chakula mgongoni, kinaandika kila mtego, kila kambi ya wawindaji, kila alama ya mguu wa nyama, pamoja na mahali pake kwa mashini ya GPS. Ya tatu ni kukaa tayari: mtu hafanyi kazi, anaweza kulala, kupika, kufua nguo, lakini akiitwa lazima asimame mara moja. Hii ya tatu ndiyo ngumu kueleza, sababu kwa macho inaonekana kama mapumziko. Munganga wa garde wa hospitali anaijua vizuri.

Tufanye sasa hesabu kidogo. Hesabu hii ni yetu, ya mfano tu, si ya posti fulani. Mwalimu wetu wa hesabu ameipitisha, kwa hiyo musitafute kosa.

Tuseme posti iko na walinzi 12. Mchana, saa 12, analinda mtu mmoja. Usiku, saa 12, wanalinda wawili, sababu mtu mmoja peke yake gizani akilala hakuna wa kumuamsha. Kila siku hiyo ni saa 36 za watu, na kwa juma ni 252. Sheria ya Kazi ya inchi yetu, ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002, inasema mtumishi asipite saa 45 kwa juma wala saa 9 kwa siku, na kila siku saba apate muda wa kupumzika. Tunaichukua hapa kama kipimo. Gawa 252 kwa 45: inapatikana 5.6, ni kusema watu 6. Nusu ya posti imekwisha kwa kulinda posti yenyewe! Na hatujataja mgonjwa hata mmoja, wala aliye konje, wala aliyetumwa mjini kuchukua mchele na chumvi.

Wanabaki 6 kwa patruyi. Wanaingia pori siku 10. Kila siku wanatembea saa 8, na si kutembea kama kwenda sokoni, ni kukata njia kwa panga na kuvuka maji mpaka kifuani. Usiku, saa 10, watu wawili wawili wanalinda kambi. Saa 20 za watu ukigawa kwa 6, kila mmoja analinda saa 3 na dakika 20. Kwa hiyo siku moja ni saa 11 na dakika 20, na siku 10 ni saa 113 na dakika 20. Sheria yetu ingetoa kwa siku 10 kama saa 64 tu. Kuna karibu saa 49 zilizozidi, yaani zaidi ya juma zima la kazi ambalo posti iko deni kwa kila mtu. Na saa zinazobaki za usiku? Analala na viatu miguuni. Hizo hatukuzihesabu bado.

Kikundi kinarudi. Nani ataingia pori sasa? Wale 6 wa posti hawawezi kuiacha. Wale 6 waliorudi wamechoka. Basi mkubwa wa posti ana njia mbili: kuacha pori bila mtu, ama kuwarudisha watu waliochoka. Tuliuliza mjomba ni njia gani inachukuliwa mara nyingi. Alicheka tu, akaomba maji ya kunywa.

Na watu 18 mambo yanabadilika kabisa. Unakata vikundi vitatu vya watu 6: kimoja pori, kimoja posti, kimoja kinapumzika, na vinazunguka. Watu 6 tu wameongezeka, lakini sasa kila anayetoka pori anapata siku za kweli za kulala. Tulistaajabu, sababu sisi tulifikiri kazi ikizidi dawa yake ni kuongeza bidii.

Turudi kwa kukaa tayari. Swali ni hili: mtu aliyelala na viatu, akingoja kuitwa, anafanya kazi ama anapumzika? Musifikiri ni swali la Kindu peke yake. Kule Ubelgiji, katika mji wa Nivelles, mzima-moto mmoja alitakiwa kukaa nyumbani kwake akiwa tayari, na akiitwa afike kwa kazi ndani ya dakika 8. Alisema: dakika 8 hazinipi ruhusa ya kwenda popote, basi huo ni muda wa kazi. Maneno yalifika mpaka kwa Korti ya Umoja wa Ulaya, na tarehe 21 mwezi wa 2 mwaka 2018 korti ikamkubalia: kukaa tayari kwa namna hiyo ni kazi, hata kama mtu yuko nyumbani kwake.

Lakini tarehe 9 mwezi wa 3 mwaka 2021 korti ile ile ilijibu habari nyingine, na hii inafanana zaidi na walinzi wetu. Fundi mmoja wa Slovenia alitunza mitambo ya televisheni juu ya milima, mbali na watu. Kisha kazi yake alipaswa kusikia simu na kurudi kazini ndani ya saa moja akiitwa. Alikuwa analala kulekule mlimani, sababu kwao ni mbali. Korti ilisema kuishi mahali pasipo burudani hakugeuzi peke yake usiku wote kuwa kazi. Lazima kuangalia kama masharti ya kuitwa yanamfunga mtu sana hata ashindwe kupanga muda wake mwenyewe: anapewa dakika ngapi, na anaitwa mara ngapi.

Sisi tulibishana sana juu ya hukumu hiyo ya pili, mpaka sirveyan akatuzimia taa. Mmoja alisema korti haikuwa na huruma. Wengine tuliona imetusaidia, sababu imetupatia maswali mawili ya kuuliza juu ya kila zamu: dakika ngapi? mara ngapi? Kapita anayeitwa mara moja kwa mwezi anaweza kulala kwa raha. Kapita anayegongewa mara tatu kila usiku hakulala, hata ukimwona kitandani. Na mlinzi wa pori ambaye foni yaweza kumwamsha saa yoyote, akichukua bunduki kwa dakika 5, huyo hayuko mapumzikoni, hata kama anapika sombe.

Kuna pia jambo la kusikitisha. Tarehe 24 mwezi wa 4 mwaka 2020, karibu na Rumangabo katika Parki ya Virunga, watu 17 waliuawa: walinzi 12, dereva mmoja na raia wanne. Kwa taarifa ya parki yenyewe, walinzi wale hawakuwa ndio waliolengwa. Walikuwa njiani kurudi kwa makao yao wakakuta gari la raia linashambuliwa, wakaingia kusaidia. Oreri gani ilisema saa ile ni ya kazi? Tulisoma habari hiyo kwa sauti katika mkutano wetu, kisha hatukusema neno kwa muda.

Neno lingine ambalo mjomba alikazia ni kupeana zamu. Alisema saa mbaya si katikati ya usiku, ni saa ya kubadilishana. Anayetoka amekwisha kufikiri kitanda, anayeingia bado macho yana usingizi. Hapo mmoja wetu alikumbuka Gideoni katika kitabu cha Waamuzi: alifika kambini kwa Wamidiani mwanzoni mwa zamu ya kati, wakati walinzi walikuwa wamebadilishwa sasa hivi. Tulisoma habari hiyo tangu shule ya Siku ya Mungu, tukaona mitungi na tarumbeta tu. Hakuna aliyetuambia kama Gideoni alijua oreri ya wengine!

Kwa hiyo walinzi wanapeana zamu kwa kitu cha mkononi na kwa maneno. Anayetoka anakabidhi foni ama silaha, anasema aliyoona, na haondoki mpaka mwenzake amejibu. Vilevile kikundi cha pori kinazungumza na posti kwa saa zilizopangwa. Saa ikipita bila sauti, posti haisemi "labda betri zimekwisha" na kurudi kulala. Kuna mtu mwenye jina ambaye kazi yake ni kuanza kutafuta.

Iko shida moja ambayo hatukupata dawa yake. Mtu anahitaji kujua mapema siku yake ya kazi na siku yake ya kulala. Bila hiyo hawezi kulima shamba, wala kuona mkewe na watoto. Lakini mwindaji naye akijua, anaingia pori siku patruyi imetoka. Watu wa vijiji wanahesabu siku vizuri kuliko sisi. Sikukuu ya Noeli na mwaka mpya wanajua walinzi wengi wanataka kwenda nyumbani, na ndio wakati mji unataka nyama. Basi inafaa kuficha njia ya patruyi na siku ya kuingia, lakini si kuficha siku ya kupumzika. Mlinzi ajue atalala lini. Mwindaji asijue patruyi itapita wapi. Kwa maneno ni rahisi. Kwa posti ya watu 12, tulionyesha hapo juu namna inavyokuwa.

Sasa oreri yetu. Tuko makapita 6 wa intenati ya wavulana, na juma lina usiku 7. Kila usiku kuna jina moja la kwanza na jina moja la pili. Wa kwanza anaitwa. Asipojibu kwa kugonga mara ya tatu, unakwenda kwa wa pili. Asipojibu naye, unakwenda moja kwa moja kwa sirveyan, na hakuna atakayekuuliza sababu gani umemwamsha. Wengine wanne wanalala, na hawana ruhusa ya kugongewa. Hata wale wa egzamen ya Leta wanalala. Tena hao hasa.

Mliotuuliza sababu gani majina yanaruka ruka: hayaruki. Sita hailingani na saba, kwa hiyo zamu ya kila mtu inarudi kila usiku wa sita na inateleza siku moja nyuma. Aliye na siku ya posho juma hili, zamu yake inayofuata ni siku ya tano. Kwa majuma 6, kila kapita amepita siku zote saba, hakuna aliyekaa na siku ya posho milele. Hatukuhitaji mtu wa kupendelea wala wa kulalamikia.

Ishara ya zamu ni torshi yenye kamba nyekundu. Aliye nayo ndiye wa kwanza. Inapokelewa saa 3 ya usiku kisha maombi, mbele ya wadogo wote wa darasa la saba na la nane, ili waone mkono gani umeishika. Anayeitoa anasema nani mgonjwa, nani hajarudi, dirisha gani halifungi.

Tuliomba kwa Prefe mambo mawili. La kwanza, aliyeamshwa usiku asifanye salongo asubuhi yake wala kuteka maji. Limekubaliwa. La pili, tupate betri mpya kila mwezi. Jibu bado, tumeambiwa tungoje mpaka karo ziingie, kwa hiyo ninyi wenye deni la karo munajua sasa nani anazuia mwanga.

Tangu karatasi ibandikwe, mlango wa kapita wa kwanza umegongwa usiku mara 5. Mara mbili ilikuwa homa, na wote wawili walifika kwa muuguzi kabla ya kupita nusu saa. Mara moja ilikuwa ugomvi wa blanketi. Mara moja mtoto aliota ndoto mbaya, akataka tu kujua kama kuna mtu. Na mara moja, saa 8 ya usiku, kapita alitoka na torshi yake na viatu miguuni, akakuta ni mbuzi wa jirani anasukuma mlango. Aliandika vilevile katika daftari: saa, jina la aliyegonga, na mambo yaliyofanyika.

Makapita wa intenati ya wavulana,
darasa la mwisho